Mwanamke Waliyemdhani Kuwa Esta

Msumari alivua viatu akapanda jukwaa la mafundi. Jina hilo alipewa na wenzake kituoni zamani, na hakuna aliyekumbuka tena kama lilikuwa sifa au tusi. Walisema akishaingia mahali hatoki mpaka ubao upasuke. Alikuwa mpelelezi wa makosa makubwa, mwanamke wa makamo aliyeanza kugombana na magoti yake, na asubuhi hiyo muda ulikuwa unamkimbiza. Mchana mchoraji angefikishwa mahakamani kwa kosa la kumuua binti aliyekuwa akimchora. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaagiza gari.

"Una asubuhi moja," alimwambia. "Ukirudi mikono mitupu, yule anakwenda."

Kwa watu wa mji, alikuwa ameshakwenda. Binti alikutwa juzi chini ya jukwaa hilo hilo, ndani ya kanisa, shingo imevunjika, na uso wake uliochorwa ukutani umefutwa. Mchoraji alikutwa amepiga magoti kando yake. Kwa wenye haraka hiyo ilitosha. Msumari aliwajua wenye haraka. Alimkumbuka mpishi aliyekaa rumande mpaka akaota mvi kwa wizi uliofanywa na bosi wake mwenyewe. Alimkumbuka yaya aliyefungwa kwa kifo cha mtoto ambaye daktari alikuwa amempa dawa ya mtu mzima. Siku zote palikuwa na mtu asiye na wakili, aliyekutwa amepiga magoti kando ya kitu.

"Sajini, panda."

"Afande, mimi hata shuleni nilikataa kitanda cha juu. Nakusikia vizuri tu nikiwa hapa chini."

"Panda, au wiki nzima utahesabu matairi mabovu stoo."

Sajini alipanda akinung'unika, ameng'ang'ania mabomba kama mtu anayevuka mto. Alipofika juu hakutazama chini. Alitazama ukuta, kwa sababu ndio uliokuwa salama.

Ukuta ulikuwa umejaa wanawake. Kamati ya kanisa ilikuwa imeagiza wanawake wa Biblia, na mchoraji alikuwa amewachora wakubwa kuliko watu, bega kwa bega, toka mlangoni mpaka karibu na madhabahu. Msumari alikuwa amezoea picha za namna hiyo kwenye kalenda na sebule za wenye nafasi. Alizoea Bathsheba aliye uchi siku zote, na mfalme anayemchungulia haonekani popote, kana kwamba maji ya kuogea ndiyo yaliyotenda dhambi. Alizoea Susana anayeshtuka, na wewe unayemtazama unasimamishwa palepale waliposimama wale wazee wawili waliojificha bustanini. Alizoea Magdalene mwenye nywele zilizomwagika na kifua wazi, kahaba wa wachoraji, ingawa kitabu chenyewe hakijamwita hivyo mahali popote. Mamia ya miaka wanaume wamewachorea wanaume wenzao, halafu wakaita ibada.

Hapa mambo yalikuwa mengine. Bathsheba alikuwa amevaa, ametupa mgongo, na juu kulia palikuwa na dirisha, na dirishani mwanamume mwenye taji amenaswa kama mwizi aliyemulikwa tochi. Magdalene alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kilemba, amesimama wima kama shahidi anayengoja kuitwa. Hajiri alikuwa na uso wa muuza mitumba wa pale nje ya lango. Msumari alimtambua mara moja, hata kovu la nyusi.

Wa mwisho hakuwa na uso. Alikuwa na vazi refu la kifalme la rangi nyingi, na juu ya shingo palikuwa na kidonda cha kijivu.

"Unaona nini?" Msumari aliuliza.

"Shimo."

"Shimo la namna gani?"

Sajini alisogeza pua. "Kama mtu amechota uji kwa vidole."

"Sema tena."

"Kama uji, afande. Angalia kingo zake. Zimevimba, laini, halafu zimekauka hivyo hivyo. Ukuta mkavu ungekatika vipande, na vumbi lingejaa hapa."

Hivyo ndivyo Msumari alivyoona naye. Mchoraji yule alikuwa akifanya kazi juu ya chokaa mbichi. Asubuhi anapaka lipu sehemu moja tu, ile anayoweza kuimaliza siku hiyo, anaitia rangi ikiwa bado na maji. Ikikauka, rangi na ukuta vinakuwa kitu kimoja, na atakayetaka kuitoa atafute patasi. Uso huu ulifutwa ukiwa mbichi, saa chache baada ya kuchorwa. Na ulifutwa kwa mkono mtupu. Mifereji ya vidole ilipishana, mmoja juu ya mwingine, imekwenda na kurudi, mpaka ukubwa wa kidole haukusomeka tena.

Karibu na bega lake, kwenye ndoano iliyofungwa kwenye nguzo ya jukwaa, ulining'inia mwiko wa fundi, safi.

"Huu mwiko ulikuwa hapa juzi?"

"Ulikuwa hapohapo. Umo kwenye picha tulizopiga."

"Wewe ni fundi. Unataka kufuta kazi yako. Unatumia nini?"

"Mwiko. Mara moja, kwisha."

"Na mkono?"

"Chokaa mbichi, afande? Inababua! Mjomba wangu aliichanganya bila glavu, mikono ikawa kama ya mamba. Mke wake alikataa kushikwa mwezi mzima."

"Basi aliyefanya hivi hakuwa fundi."

"Au alikuwa fundi mwenye hasira."

"Hata akiwa na hasira, mkono wa fundi unakwenda kwenye mwiko wenyewe." Msumari alisogea karibu zaidi. Palikuwa na mstari mwembamba ukizunguka kichwa na mabega ya yule mwanamke, mahali ambapo lipu ya siku ya mwisho ilikutana na lipu ya zamani. Chini ya mstari vazi lilikuwa zima, zuri, la malkia. Juu ya mstari lilikuwa limepasuka toka shingoni. Mkono wa kulia wa mwanamke ulikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe, na nywele zilizobaki zilikuwa na vumbi la kijivu ambalo halikuwa chokaa. Lilikuwa rangi. Lilikuwa limechorwa.

"Kamati walisema huyu ni Malkia Esta," alisema Msumari. "Malkia gani anajishika kichwa hivi?"

"Labda taji linambana."

Msumari hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. "Tunatafuta mtu mwenye mikono iliyobabuka," alisema. "Shuka. Taratibu, usije ukaniongezea kesi."

*

Mahabusu, mchoraji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, na viganja vyake vilikuwa vigumu na vyeupe kama soli, lakini havikuwa na jeraha jipya hata moja. Swali la kwanza lilitoka kwake.

"Wamemzika?"

"Kesho. Kaa. Pale ukutani alikuwa nani?"

"Kamati wanasema Esta."

"Nakuuliza wewe."

Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Tamari."

"Tamari ni zaidi ya mmoja."

"Wa Daudi."

Msumari aliweka kalamu chini. Hadithi hiyo aliisoma mwenyewe akiwa msichana, kwa sababu hakuna mhubiri aliyewahi kumsomea. Binti wa mfalme anatumwa akampikie kaka yake wa baba mmoja anayejifanya mgonjwa. Kaka anawatoa watu wote chumbani. Akishamaliza alichotaka anamfukuza na kuamuru mlango ufungwe. Binti anapasua vazi lake la kifalme, anajitia majivu, anaweka mkono kichwani, anakwenda akilia. Ndugu mwingine anamwambia anyamaze, maana yule ni kaka yake. Mfalme anakasirika sana, na hafanyi kitu.

"Nani alimchagua Tamari?"

"Yeye mwenyewe. Mimi sichagui, ndivyo ninavyofanya kazi. Mwanamke akikubali kukaa nimchore, namuuliza: wewe unataka kuwa nani? Yule muuza mitumba alisema Hajiri kabla sijamaliza swali. Huyu alikaa kimya, halafu akasema Tamari. Akasema, lakini waambie kamati Esta mpaka siku ya mwisho. Vazi ni la kifalme, hakuna atakayejua."

"Hukumuuliza sababu?"

"Siulizi. Wakitaka kusema watasema. Wakinyamaza, nachora vilevile."

"Majivu, mkono na ule mpasuko uliviweka lini?"

"Siku ile ile. Vyote pamoja na uso, asubuhi. Ndivyo tulivyokubaliana, kichwa kiwe cha mwisho. Nilipomaliza alisogea ukutani akajitazama, akaniambia: fundi, leo niko hapa. Halafu akaniomba nitoke. Alisema kuna mtu anakuja, anataka aone kabla ya wengine wote."

"Nani?"

"Hakusema. Nilidhani mchumba. Nikaenda kula. Niliporudi..."

"Ulimwambia nani habari hizi?"

"Walionikamata. Niliwaambia mara nyingi."

Msumari alifungua maelezo ya mshukiwa yaliyoandikwa juzi, akayasoma upya toka mwanzo mpaka sahihi. Habari za mtu aliyekuwa anakuja hazikuwamo. Mwandishi alikuwa ameandika kwa hati nzuri kwamba mshukiwa alikutwa na marehemu na hana maelezo ya kuridhisha.

"Sajini," alisema bila kugeuka, "hii hati ya nani?"

Sajini aliangalia dari. "Ya mtu aliyetaka kuwahi chakula, afande."

Msumari alitoka mahabusu akiwa na jambo moja kichwani: katika hadithi ya Tamari yupo kaka. Na marehemu alikuwa naye. Kaka wa baba mmoja, mama mbalimbali, mkubwa kwake, meneja wa duka la vifaa vya ujenzi la baba yao. Duka lililouza chokaa.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa na ua mpana, viti vya kukodi, na turubai lililofungwa kwenye ukuta wa jirani. Baba mwenye nyumba, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati iliyoagiza michoro, aliwapokea sebuleni. Alikuwa mtu wa kupiga pasi kila kitu, hata huzuni.

"Pole sana, mzee."

"Tumeshapoa. Nilidhani mambo ya polisi yamekwisha. Mnaye mtu wenu."

"Yamebaki machache. Binti yako alikuwa anachorwa kama nani?"

"Malkia Esta. Nilipendekeza mimi. Mwanamke aliyeokoa watu wake bila kumvunjia mume heshima."

"Ulikwenda kumwona ukutani?"

"Wiki iliyopita. Mavazi yalikuwa mazuri. Uso ulikuwa bado."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Meneja. Alikuwa na shati jeupe, manukato, na mkono wa kulia uliofungwa bendeji toka vidoleni mpaka kifundoni.

Sajini alikohoa. Msumari hakukohoa.

"Umeumia?"

"Rejeta la gari. Nilifungua kifuniko likiwa la moto. Ujinga tu."

"Tunaomba tuone."

"Sasa hivi? Kwenye msiba?"

"Sasa hivi. Kwenye msiba."

Baba alisema, "Mpelelezi, huyu ni kaka yake marehemu."

"Najua, mzee. Ndiyo maana naomba."

Meneja alitabasamu kidogo, akajifungua bendeji mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfurahisha mtoto. Kiganja kilikuwa na malengelenge makubwa ya maji, katikati, duara la kifuniko limeonekana vizuri. Ncha za vidole zilikuwa nzima. Kucha zilikuwa safi. Sajini alitoka nje kupiga simu, akarudi baada ya muda na uso wa mtu aliyepoteza dau: zahanati walimfunga bendeji hiyo siku moja kabla ya kifo, na saa ya kifo yenyewe Meneja alikuwa ghalani anapokea saruji, mbele ya wapagazi wote, akiwatukana kwa zamu.

"Dada yako alikuwa anachorwa kama nani?" Msumari aliuliza, kwa sababu swali lilikuwa limebaki.

"Esta. Si Esta? Malkia."

Alilijibu bila kupepesa, huku anajifunga bendeji yake. Msumari alimtazama kwa muda. Mtu huyu hakuwa amefuta kitu chochote. Hakuwa na habari kwamba kulikuwa na kitu cha kufuta. Hakuuogopa ukuta ule wala mwingine wowote. Miaka yote aliyoishi katika nyumba hiyo hakuna aliyempa sababu ya kuogopa.

"Alikuwa na tabia gani, huyu dada yako?"

"Mpole. Mkimya mno. Zamani alikuwa mcheshi, halafu akabadilika tu. Wasichana." Aliinua mabega. "Mama mdogo ndiye anayejua."

"Nitamwona mama."

"Mama hawezi kuzungumza," baba alisema haraka. "Toka juzi hajala."

"Sitamlisha, mzee. Nitamsalimu tu."

*

Mama alikuwa amekaa kwenye godoro chumba cha ndani, amejifunika mtandio mzito mpaka magotini, na wanawake wawili wamemshikilia huku na huku. Msumari alipiga magoti mbele yake, magoti yakalalamika, akanyoosha mkono.

"Pole, mama."

Kutoka chini ya mtandio mama alitoa kifundo cha mkono. Alitoa kifundo, kiganja kimekunjwa ndani, kama mwanamke aliyekutwa anaosha vyombo anavyomsalimu mgeni ili asimloweshe.

Msumari alikishika kifundo kile. Kilikuwa kikavu. Mikono ya gauni ilikuwa mikavu. Na mwanamke aliyefiwa na mtoto haoshi vyombo. Watu wanamwoshea, wanampikia, hata nywele wanamchania. Alikishika kwa muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Kina mama," aliwaambia wale wawili kwa upole, "naomba mtuachie chumba. Sajini, kaa mlangoni."

Walipotoka, alikaa chini kabisa, sakafuni.

"Mama, nimewauliza watu wote wa nyumba hii swali moja. Nakuuliza na wewe, kisha nitakuacha kama ukitaka. Kipusa alikuwa anachorwa kama nani?"

Kipusa ndilo jina mama alilokuwa akimwita. Msumari alikuwa amelisikia toka uani, likililiwa. Nje mtu aliburuza kiti. Ilikuwa rahisi kusema Esta. Nyumba nzima ilikuwa imemfungulia njia.

"Tamari," alisema mama.

"Wa nani?"

"Wa Daudi."

"Nani alikwambia?"

"Nilimwona." Alitoa mikono yote miwili, akaifungua mapajani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka nyekundu, ngozi imeondoka, na chini ya kucha palikuwa na chokaa. "Sijapata kunawa sawasawa. Toka juzi hawaniachi peke yangu hata chooni. Wananipenda."

"Alikuita?"

"Alinipigia simu asubuhi. Mama, niletee chakula leo wewe mwenyewe, usimtume mtu. Nilifurahi. Miaka mingi hajaniomba chakula. Nikampikia. Nilipanda zile ngazi na kapu mkononi, na uzee wangu huu. Nikamkuta amesimama kando ya ukuta. Wawili, mwanangu. Yeye na yeye. Yule wa ukutani ana majivu. Ana mkono kichwani. Akaniuliza, mama, sasa unaniona?"

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Mimi ni katibu wa kina mama, Biblia naijua. Nikaona Jumapili, watu wamejaa, mtu mmoja tu aulize, huyu mbona si Esta. Wamwone. Wamjue. Nikaweka kapu chini nikaanza kufuta. Nilikuwa namsitiri. Nilidhani namsitiri."

"Na yeye?"

"Alinishika mikono. Hakunipiga, Kipusa hajui kupiga. Alinishika tu, hivi, akasema mama usinifute. Mama, usinifute tena. Aliongeza hilo neno, tena. Nikajinasua. Akarudi nyuma. Nyuma ubao ulikuwa umekwisha."

Msumari hakuandika chochote bado.

"Nilishuka. Nilimgusa hapa, shingoni. Nikasikia nyayo nje, nikachukua kapu langu nikatokea mlango wa pembeni. Nikaja kukaa hapa, nikasubiri waje waniambie kwamba mwanangu amekufa. Walipokuja nililia. Watu wanasema kilio kile kilisikika mpaka barabara kuu. Hakikuwa cha uongo, mpelelezi. Andika hivyo. Hakikuwa cha uongo."

"Najua. Mbona ulimwacha mchoraji akamatwe?"

"Sikumwacha. Sikusema tu. Nimezoea." Aliangalia vidole vyake. "Ile mara ya kwanza pia alikuja kwangu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Alikuja jikoni, nguo zimechanika hapa. Nikajua kabla hajafungua mdomo, na nikamwambia nyamaza, ni kaka yako, baba yako ana presha. Baba yake alijua jioni. Alivunja sahani. Alipiga kelele. Kisha akamhamishia kijana tawi jingine, akampa gari, na mwaka uliofuata akamrudisha akamfanya meneja. Kile kitabu nimekisoma mara ngapi? Mama yake Tamari yuko wapi mle? Hayumo, mpelelezi. Hana hata neno. Nikawa najifariji, labda hakuwa nyumbani siku ile. Mimi nilikuwepo."

Mlango ulisukumwa, Sajini akarudi kinyumenyume mbele ya tumbo la mzee wa kanisa.

"Nimesikia ya kutosha," alisema mzee. Alikuwa amepauka. "Mke wangu, ilikuwa ajali. Utasema hivyo, wakili atakuja, yatakwisha. Hayo mengine ni ya nyumbani. Mtoto ameshakufa, tumwache apumzike na jina lake."

Msumari alisimama. "Mama, lazima twende wote kituoni. Yule mchoraji anatoka leo, hilo nakuahidi. Maelezo yako nitayaandika kama utakavyoyatoa. Ukitaka tutaanzia pale juu ya jukwaa. Itakuwa ajali, itakuwa yako peke yako, na hakuna mwingine atakayeguswa. Ukitaka tutaanzia jikoni."

"Na tukianzia jikoni kaka yake atafungwa?"

Msumari alikuwa ameona majalada mengi ya namna hiyo. Aliyajua yanapokwenda: wakili wa gharama, shahidi mmoja ambaye naye ni mshitakiwa, mlalamikaji kaburini. "Sitakudanganya," alisema. "Kwa maneno yako peke yako, huenda asilale hata siku moja ndani."

"Basi unaona," mzee alisema.

Mama aliomba mkono, Msumari akamwinua. Alijifunga mtandio vizuri, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa, akatoka mpaka uani, mchana kweupe, mbele ya turubai lote. Wanawake waliokuwa wakimenya na kuosha waliacha. Meneja alikuwa langoni anapokea rambirambi kwa mkono wa kushoto.

"Mama mdogo! Unapelekwa wapi?"

"Nakwenda kusema ulichomfanya mwanangu," alisema mama.

Hakupaza sauti. Lakini hapakuwa na sehemu ya ua ule ambayo haikusikia. Meneja alimtazama baba yake. Baba alikuwa kizingitini, mdomo wazi, na safari hii hapakuwa na sahani karibu.

"Amechanganyikiwa," Meneja aliwaambia watu, na tabasamu lake lilichelewa kidogo kufika. "Ni uchungu. Mumshike, jamani."

Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemjibu pia. Msumari aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, wakwe, majirani, kina mama wa kanisa, na kila aliyetazamwa aliinamisha macho kwenye beseni lake. Akaelewa kwamba ua ule haukuwa umeshangaa.

Ndipo dada yake mzee wa kanisa, shangazi wa marehemu, kikongwe aliyekuwa amekaa karibu na bomba, alipokung'uta maji mikononi na kujivuta mpaka akasimama.

"Dada," mzee alisema. "Kaa chini."

Kikongwe hakumtazama. Alimtazama mpelelezi.

"Na mimi niandike, mwanangu," alisema. "Shuka la siku ile nililifua mimi."